Kichupa cha kalsiamu kisifungiwe stoo

Alikuwa na miaka 19, mimba ya kwanza, na kifafa cha mimba kilikuwa kimeshamwangusha mara moja nyumbani. Tukamwanzishia magnesiamu salfeti, dawa ambayo kwa kazi hiyo sijaona mfano wake. Saa tisa usiku akanishika mkono: "Sista, mwili mzito. Kope hazinyanyuki."

Nikagonga kwa kinyundo chini ya pia ya goti. Mguu ukatulia kama gogo. Nikagonga la pili, kimya. Nikahesabu pumzi: 13 kwa dakika, nasi huwa hatukubali chini ya 16. Nikafunga dripu, nikaagiza kalsiamu glukoneti. Ilikuwa stoo, na mwenye ufunguo alikuwa amelala kwake.

Tuliipata chumba cha upasuaji, baada ya kukimbizana kwenye korido. Gramu moja, mililita 10, nikaisukuma mshipani polepole. Kabla ya alfajiri goti liliruka.

Wakunga tumekaririshwa kwamba kalsiamu ndiyo dawa ya magnesiamu iliyozidi. Kwa nini? Wengi hatukuambiwa, na anayejua kwa nini hakubali kuambiwa asubiri asubuhi. Ncha ya neva, pale inapokutana na msuli, imejaa vifuko vidogo mno, kila kimoja na maelfu ya chembe za asetilikolini, kemikali inayouamuru msuli ujikaze. Vifuko vinasubiri ukingoni. Umeme wa neva ukifika, vijilango vya kalsiamu hufunguka. Nje ya seli kalsiamu ni zaidi ya mara elfu kumi ya iliyo ndani, kwa hiyo huingia kwa kasi. Protini iitwayo sinaptotagmini huidaka, na papo hapo kifuko huungana na utando wa seli na kumwaga kilichomo. Kalsiamu isipoingia, umeme utafika na msuli hautapata habari.

Magnesiamu ikizidi, huzuia kalsiamu kupita. Bernard Katz, aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1935 na kufanya kazi London, alilionyesha hilo pamoja na José del Castillo mwaka 1954 kwa misuli ya chura: magnesiamu ikipanda, vifuko vinavyomwagwa hupungua; kalsiamu ikiongezwa, huongezeka tena. Mwaka 1970 Katz alipata Nobel. Mimi nilikiona kitu hichohicho kwenye goti la binti wa watu.

Na goti hunyamaza kabla pumzi haijakatika. Kati ya hayo mawili kuna muda, lakini si muda wa kumtafuta mwenye ufunguo.

Najua hoja ya wafamasia: dawa isiyofungiwa hupotea, na wao ndio wanaoulizwa. Basi tuiandike kitabuni na kuihesabu kila zamu, kama tunavyohesabu mikasi. Ninachokataa ni mama kuwekewa dripu ya magnesiamu hapa, wakati kinachoweza kumwokoa kiko nyuma ya kufuli jengo la pili.

Wodini kwetu sasa kuna trei kando ya kila kitanda chenye dripu hiyo: kinyundo, bomba la sindano la mililita 10, kichupa kimoja cha kalsiamu. Anayepokea zamu hukishika mkononi na kusoma tarehe ya mwisho kwa sauti, ndipo anasaini.