Vance 2028: Mtaji anao, deni je?

Miongoni mwa wanasiasa wahafidhina wa Marekani, hakuna ambaye bei yake imepanda haraka kama J.D. Vance. Mwaka 2016 alijulikana kwa kitabu kimoja tu, kilichouzwa sana, kuhusu maisha ya Wazungu maskini wa Ohio na milima ya Kentucky. Novemba 2022 alichaguliwa kuwa Seneta wa Ohio. Januari 20, 2025, akiwa na umri wa miaka 40, aliapishwa kuwa Makamu wa Rais.

Katiba ya Marekani, kwa marekebisho ya 22 ya mwaka 1951, hairuhusu mtu kuchaguliwa Rais zaidi ya mara mbili. Donald Trump amekwishachaguliwa mara mbili, 2016 na 2024. Kwa hiyo uchaguzi wa Novemba 7, 2028 unamtafuta mtu mwingine, na wachunguzi wengi wa mambo ya siasa wanamtaja Vance kabla ya yeyote. Swali ni kama bei hiyo ina msingi, au ni ya walanguzi tu.

Kwa mfanyabiashara wa Dar es Salaam au Mombasa swali hilo si la kupitishia wakati. Julai 1, 2025 Baraza la Seneti liligawanyika kura 50 kwa 50 juu ya muswada mkubwa wa kodi na matumizi wa Trump. Makamu wa Rais ndiye mwenye kura ya kuamua panapotokea sare, na Vance aliipiga kuunga mkono. Ndani ya sheria hiyo, iliyotiwa saini Julai 4, imo kodi ya asilimia 1 juu ya fedha taslimu zinazotumwa nje ya Marekani, kuanzia Januari 1, 2026. Fedha zinazotumwa kwa akaunti ya benki au kadi ya benki za nchi hiyo hazikuguswa. Hata hivyo uzito wa jambo hilo unaonekana ukikumbuka kwamba mwaka 2024 Kenya ilipokea karibu Dola bilioni 4.95 kutoka kwa wananchi wake walio ng'ambo, na zaidi ya nusu ilitoka Marekani.

Upande wa mali

Mtaji wa Vance ndani ya chama chake ni mkubwa. Machi 2025 alikabidhiwa kusimamia ukusanyaji wa fedha wa Kamati ya Taifa ya chama cha Republican, kazi ambayo hakuna Makamu wa Rais aliyewahi kupewa akiwa madarakani. Maana yake ni kwamba matajiri wanaochangia chama wanapitia mlangoni kwake. Katika kura ya mfano iliyopigwa mwanzoni mwa 2025 kwenye CPAC, mkutano mkubwa wa kila mwaka wa wahafidhina, alipata asilimia 61. Aliyemfuata alipata asilimia 12.

Aidha, Vance anakubalika kwa makundi mawili ambayo kwa kawaida hayali sahani moja. Kundi la kwanza ni wafanyakazi wa miji ya viwanda vilivyofungwa, kama Middletown alikozaliwa. Kundi la pili ni wenye fedha za teknolojia wa California, ambako aliwahi kufanya kazi ya uwekezaji. Mmoja wao, Peter Thiel, alitoa Dola milioni 15 kusaidia kampeni yake ya Useneta. Mgombea mwenye kura za kundi la kwanza na hundi za kundi la pili si wa kudharauliwa.

Mshindani anayetajwa zaidi ni Marco Rubio, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje tangu serikali hiyo ilipoanza. Lakini mwishoni mwa 2025 Rubio mwenyewe alisema kwamba Vance akigombea, atakuwa miongoni mwa watu wa kwanza kumuunga mkono. Kwa hesabu hizi, tiketi ya chama iko karibu na mkono wa Vance kuliko wa mtu mwingine yeyote.

Upande wa madeni

Hata hivyo, tiketi ya chama si Ikulu. Deni la kwanza la Vance ni kwamba nguvu zake mwenyewe kwenye sanduku la kura hazijathibitika. Mwaka 2022 alishinda uteuzi wa chama kwa asilimia 32 tu, baada ya Trump kumpigia debe wiki chache kabla ya kura. Novemba ya mwaka huo alishinda Useneta kwa pointi 6 hivi. Siku hiyo hiyo, kwa wapiga kura wale wale, Gavana Mike DeWine wa chama hicho hicho alishinda kwa pointi 25. Yaani kulikuwa na maelfu ya watu wa Ohio waliompa kura Gavana wa Republican wakamnyima Vance. Dosari hiyo iliweza kufichika Ohio, ambayo sasa ni ngome ya chama. Pennsylvania, Michigan na Wisconsin, ambako ushindi hupatikana kwa kura chache, haitafichika.

Historia pia inataka tahadhari. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Novemba 2022 Ron DeSantis alichaguliwa tena Gavana wa Florida kwa pointi 19, na magazeti mengi yakamwona Rais ajaye. Januari 21, 2024 alijitoa, baada ya jimbo moja tu kupiga kura. Walionunua hisa zake mapema walipata hasara.

Deni la pili ndilo kubwa zaidi, nalo ni la cheo chenyewe. Tangu Martin Van Buren mwaka 1836, ni Makamu wa Rais mmoja tu aliyechaguliwa kuwa Rais moja kwa moja kutoka kwenye kiti hicho: George Bush, mwaka 1988. Richard Nixon alishindwa 1960, Hubert Humphrey 1968, Al Gore 2000 na Kamala Harris 2024. Nixon alirudi akashinda 1968, na Joe Biden alishinda 2020, lakini wote wawili walikuwa wamekaa nje ya serikali kwa miaka kadhaa, na wapiga kura walikuwa wamepata wengine wa kulaumu.

Sababu inaeleweka na kila mtu aliyewahi kurithi duka. Makamu wa Rais hurithi mali pamoja na madeni, wakati daftari lilikuwa likiandikwa na mwingine. Bush alirithi daftari zuri. Mfumuko wa bei uliokuwa zaidi ya asilimia 13 mwaka 1980 ulikuwa umeshuka hadi asilimia 4 hivi mwaka 1988, na uchumi ulikuwa ukikua. Akashinda majimbo 40. Nixon aligombea wakati uchumi ukidorora, akashindwa kwa kura zipatazo 113,000 kati ya milioni 68. Harris alirithi bei. Mfumuko ulikuwa umefika asilimia 9.1 Juni 2022, na ingawa siku ya uchaguzi ulikuwa chini ya asilimia 3, mama wa nyumbani hakuulizia kasi ya bei. Aliangalia bei ya mayai aliyoikuta dukani. Harris akapata kura 226 za wajumbe wa uchaguzi, Trump 312.

Vance hawezi kusema hakuwepo. Aprili 2025 Trump alipotangaza ushuru wa forodha kwa bidhaa za karibu dunia nzima, zikiwemo za Kenya na Tanzania kwa asilimia 10, Vance alisimama kuutetea hadharani. Ushuru hulipwa kwanza na mwagizaji, kisha mteja. Na sheria aliyoipitisha kwa kura yake, kwa makadirio ya Ofisi ya Bajeti ya Bunge la Marekani, itaongeza nakisi kwa Dola trilioni 3.4 katika miaka 10. Hizi ni hati zenye saini yake.

Anaweza kujitenga na bosi wake? Ndipo penye mtego. Mwaka 2016 alimpinga Trump waziwazi, na ilimbidi abadili msimamo ndipo apate Useneta. Akijitenga tena, wafuasi wa Trump watamwita msaliti, na mtaji wake wote wa chama uko kwao. Asipojitenga, atabeba kila kosa la serikali hiyo. Mike Pence alijitenga, na Oktoba 2023 alilazimika kuacha mbio za urais hata kabla ya kura ya kwanza.

Kwa jumla, Vance ni mgombea imara wa tiketi ya chama na mgombea wa mashaka kwa urais. Anayempa bei ya Rais analipa mapema kwa bidhaa ambayo ubora wake utajulikana 2028, kwa bei za vyakula, nyumba na petroli wakati huo.

Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki nao wasifunge hesabu zao kwa kusubiri jina la mshindi. Mpango wa AGOA, ulioanza 2000 na kuyapa mavazi ya viwanda vya Athi River na Mombasa soko lisilo na ushuru, ulifikia kikomo Septemba 30, 2025 kabla Bunge la Marekani halijaupitisha upya. Haukuhitaji Rais Vance ili ukwame. Siasa ya kulinda viwanda vya nyumbani kwa ushuru imekwisha kuota mizizi katika chama chake, na atakayeshinda tiketi, awe yeye au mwingine, ataikuta mezani. Kiwanda kinachotegemea mnunuzi mmoja wa Marekani kina sababu ya kutafuta wa pili sasa, wakati oda za kwanza bado zinalipa mishahara.