Daudi, Shimei na Wakubwa Wetu Wasiotaka Kuambiwa



Leo naomba tuiangalie siasa yetu kupitia kisa kimoja cha Biblia. Ndugu zangu Waislamu mnivumilie kidogo, maana somo lenyewe ni letu sote.

Kisa kiko 2 Samweli sura ya 16. Mfalme Daudi ameasiwa na mwanawe wa kumzaa, Absalomu, na anakimbia Yerusalemu. Kufika Bahurimu akatokea Shimei, mtu wa ukoo wa Sauli, mfalme aliyetangulia. Akamrushia mawe na kumwita muuaji aliyeangamiza nyumba ya Sauli, mbele ya walinzi wote. Abishai, mmoja wa makamanda, akaomba ruhusa akamkate kichwa.

Daudi akakataa. Kwa maneno yangu mimi, alisema: ikiwa mwanangu anaitafuta roho yangu, huyu ana ajabu gani? Mwacheni, huenda Mungu ndiye aliyemtuma.

Angetaka kubishana, hoja alikuwa nayo. Mara mbili Sauli aliingia mikononi mwake akamwacha hai. Lakini Daudi alimjua Uria, aliyempanga vitani auawe baada ya kumchukulia mkewe. Shimei alikosea jina la marehemu tu, damu ilikuwepo. Kwangu mimi unyenyekevu ndio huo: kusikiliza tusi na kujiuliza kama ndani yake hamna ukweli.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 2016 mahakama ya Arusha ilimtia hatiani mwananchi mmoja kwa kumkashifu Rais Magufuli kwenye Facebook: faini shilingi milioni 7 au jela miaka 3. Uganda, mwaka 2019, Dk. Stella Nyanzi alihukumiwa miezi 18 kwa shairi alilomwandikia Rais Museveni, hadi Mahakama Kuu ilipomwachia Februari 2020. Kila ikulu ina akina Abishai wake, watu wa kujipendekeza ambao mkubwa akikohoa tu wameshachomoa upanga. Wa kuwaambia "mwacheni" ndiye anayekosekana.

Na sisi huku tusijione malaika. Mwenyekiti wa chama cha kuzikana akiulizwa hesabu ya rambirambi, muulizaji anaitwa mchochezi. Kutwa tunawasema wakubwa wa nyumbani, lakini tukiguswa sisi hatukaliki. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Ila wahubiri wengi huishia hapo, na kisa hakikuishia hapo. Daudi aliporudi madarakani alimwapia Shimei kwamba hatakufa. Lakini katika 1 Wafalme sura ya 2, akiwa karibu kukata roho, alimwagiza mwanawe Sulemani asimwache mtu yule afe kwa amani. Mwishowe Shimei aliuawa.

Yaani msamaha wa mkubwa una siku zake. Alipokuwa mkimbizi alisamehe, alipokuwa na dola akakumbuka. Kwa hiyo tuwaombee viongozi wetu unyenyekevu, lakini tusiweke shingo zetu rehani kwenye mioyo yao. Tudai sheria zinazomfunga mtu kwa kumkashifu rais zifutwe, ili Shimei wa leo alindwe na katiba, si na hisani ya mfalme.

Naomba kuwasilisha.