Mwenye lupango apige hodi, lakini aje aangalie

Mwezi wa 6 na wa 7, baridi ikishika Lubumbashi na Kolwezi, usiku tunafunga kila kitu: mulango, dirisha, hata tundu la juu tunaliziba na kitambaa. Kuran ikikatika, mbabula inaingia ndani. Makala yakiwa mekundu bila moshi, tunasema yameiva, hayana hatari. Ni uongo. Gazi ya makala haina harufu wala rangi. Inaanza na kichwa kuuma, kutapika, miguu kukosa nguvu. Mwenye kulala hasikii kitu, na anaweza asiamke.

Mtu wa mine anajua hii mambo kupita wote. Chini ya udongo, hakuna anayependa kushuka mahali hewa haipiti. Basi kwa nini akirudi nyumbani analala katika chumba kisichopumua? Juu nyumba si yake. Tundu la hewa linatobolewa ukutani, na ukuta ni wa mwenye lupango.

Na huyo tunamuona lini? Siku ya kulipa nyumba. Ao anaingia bila hodi, baba akiwa kwenye zamu, mama peke yake na batoto. Ndiyo maana wapangaji wakisikia «nataka kuangalia nyumba», wanafunga mulango: wanafikiri anatafuta njia ya kuwafukuza ao ya kupandisha bei.

Mimi nasema wote wawili wanapoteza. Sheria yetu ya kontra, ya tarehe 30 Julai 1888, inamwambia mwenye nyumba mambo mawili pamoja: atunze nyumba, na amuache mpangaji akae kwa amani. Kifungu cha 29 cha Katiba kinalinda makao ya kila mtu. Kwa hiyo funguo ya pili mfukoni si ruhusa ya kuingia. Lakini mpangaji akikataa kila ukaguzi, asishangae tundu likibaki bila kutobolewa.

Kule Uingereza, mwenye nyumba anapashwa kukaguza vyombo vya gazi kila miezi 12 na kumpa mpangaji karatasi yake. Akitaka kuingia aangalie hali ya nyumba, anatangaza saa 24 mbele. Sisi tunapika na makala, lakini ule utaratibu tunauweza, na hauombi feza nyingi.

Mbele ya kutoa garanti, tuandike mistari tatu katika kontra. Moja: kila mwezi wa 5 mwenye lupango anakuja kuangalia matundu ya hewa, madirisha na nyuzi za kuran. Mbili: anatangaza siku moja mbele, anakuja muchana, mtu wa nyumba akiwapo. Tatu: kilichoharibika anakitengeneza mbele baridi haijafika.

Mpaka ile siku, mbabula ilale inje. Blanketi ya pili ni bei ndogo kuliko sanduku ya maiti.