Kufa Kufaana: Tusiufukuze Msiba Jukwaani

Wamezuka baadhi ya wenzetu wanaodai kwamba mchezo wa kuigiza unaochekesha juu ya matayarisho ya maziko haufai kufundishwa wala kuonyeshwa shuleni. Hoja yao ni moja: mauti si mzaha, na mzaha mzaha hutumbua usaha. Sisi twaikataa hoja hiyo, na tutasema kwa nini.

Tuuangalie kwanza mchezo wenyewe. Wanafunzi wa shule moja walitunga mchezo ambao ulizuiwa kabla ya kuonyeshwa. Mzee yu mahututi. Wanawe wamekusanyika ukumbini. Mkubwa ataka jeneza la mninga, kwa fedha za wadogo zake. Binti ataka baba azikwe mjini. Ami asema ni kwenye ardhi ya mababu au hazikwi mtu. Mke wa kitindamimba ahesabu sufuria. Katikati ya matusi, sauti yatoka chumba cha ndani: mzee aomba uji. Hakuna ainukaye. Je, hapo yanayochekwa ni mauti? La hasha! Wanaochekwa ni walio hai, ambao wahenga walikwisha kuwapima kwa maneno mawili tu: kufa kufaana.

Wala ugomvi huo si uzushi. Nchini Kenya, wakili S. M. Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Shauri lilipanda hadi Mahakama ya Rufani, na marehemu hakuzikwa ila tarehe 23 Mei 1987, baada ya miezi mitano na zaidi. Jambo lililosimama mahakamani muda wote huo lashindwaje kusimama jukwaani kwa saa moja?

Husemwa pia kuwa kicheko msibani ni desturi ya kigeni. Asemaye hivyo hajui utani. Kwa makabila mengi ya Tanzania, mtani huja kilioni akamwiga marehemu, akazuia kaburi mpaka apewe chochote, na wafiwa hawana ruhusa ya kukasirika. Naye Farouk Topan, katika tamthilia ya Aliyeonja Pepo (1973), alikipeleka kicheko hadi ng'ambo ya kaburi, na fasihi yetu haikudhurika.

Twakubali jambo moja. Mchezo unaomdhihaki mjane kwa ujane wake, au unaotafuta kicheko kwa kuiga Kiswahili kibovu cha watu wa bara kama sisi, ni mchezo dhaifu, na mwalimu ausahihishe. Lakini kusahihisha si kuzuia.

Tena sisi tulio mbali na pwani tuna haja zaidi. Mwanafunzi wetu hujifunza Kiswahili cha salamu na cha sokoni. Siku ya msiba huwa bubu. Katika mchezo huu atayasikia maneno sanda, rambirambi, wasia na mirathi mahali pake. Atajua kwa nini mzee hufariki na mbuzi hufa, na kwa nini maiti haitwi mzoga. Atajua shemeji huambiwa nini na ami huambiwa nini, hata katika ugomvi. Kamusi haitampa hayo.

Basi, walimu wenzetu, ufungueni ukumbi. Watoto waliokwisha kuuona ugomvi huo nyumbani kwao wana haki ya kuucheka shuleni, kabla hawajawa wao ndio wahesabuo sufuria.