Plastiki Ipitishayo Umeme na Madaftari Yetu

Tangu somo la kwanza la umeme tumefundishwa kwamba shaba hupitisha umeme na plastiki huuzuia, na ndiyo maana waya huvikwa plastiki. Maneno hayo ni kweli, lakini si kweli yote. Zipo plastiki zipitishazo umeme, na habari zake zimenifanya niseme neno juu ya madaftari yetu ya maabara, ambayo kwa maoni yangu hayatufai kitu kwa namna tuyaandikavyo sasa.

Mwaka 1967 huko Japani, katika maabara alimofanya kazi Bwana Hideki Shirakawa, mgeni mmoja alikuwa akitengeneza poliasetilini kutokana na asetilini, gesi ile ile wanayoitumia mafundi wa kuchomelea vyuma. Kichocheo alikitia kingi mara elfu kupita kiasi kilichotakiwa. Siku zote ulikuwa ukitoka unga mweusi. Siku hiyo ukatokea utando unaong'aa kama fedha. Wengi wetu tungaliumwaga. Shirakawa aliuliza kilichobadilika ni nini, kisha akaanza kubadili joto pia. Kwenye nyuzi 78 chini ya sifuri utando ulitoka na rangi ya shaba. Kwenye nyuzi 150 za joto ulitoka na rangi ya fedha. Gesi ile ile, kichocheo kile kile! Baadaye, pamoja na Bwana MacDiarmid na Bwana Heeger huko Marekani, waliutia mvuke wa iodini, na uwezo wake wa kupitisha umeme ukaongezeka mara milioni kumi. Habari hizo zilitangazwa mwaka 1977, na mwaka 2000 wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Polianilini nayo ina tabia zake. Hutengenezwa ndani ya asidi, na chombo huwekwa katika barafu, kwani kwenye baridi minyororo ya molekuli hurefuka na kunyooka zaidi. Asidi ikipungua mno, hutoka uchafu wa kahawia usiopitisha umeme. Hata iliyotoka vizuri, ikiwa ya kijani, ukiiosha kwa amonia hugeuka buluu na kukataa umeme. Irudishe katika asidi, itakuwa kijani tena na umeme utapita. (Asije mtu akaijaribu bwenini: anilini ni sumu, nayo hupenya hata ngozi.)

Sasa fungua daftari la mwanafunzi yeyote wa hapa Gisenyi. Utakuta jina la jaribio, mchoro uliopigwa kwa rula, na matokeo yaliyonakiliwa kitabuni. Joto lilikuwa kiasi gani? Dawa ilitiwa yote mara moja au kidogo kidogo? Hayamo. Tena wako wanaoandika kwamba maji yalichemka kwenye nyuzi 100, hali sisi tunakaa kando ya Kivu, karibu meta 1,460 juu ya bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kipimajoto kilisema kweli. Mwandishi ndiye aliyekisahihisha.

Wengine watasema mambo haya ni ya nchi tajiri. Sikubali. Koltani huchimbwa Rwanda, na ng'ambo ya mpaka huko Masisi vilevile, na hapa mjini hata mtoto amesikia habari za bei yake. Tantalamu itokayo humo husagwa unga, hushindiliwa na kuokwa hata ikawa na vitundu kama sifongo, kisha huwa kapasita za simu na kompyuta. Vitundu hivyo zamani vilijazwa oksidi ya manganizi; siku hizi kapasita nyingi hujazwa plastiki ipitishayo umeme, ambayo haishiki moto upesi kama ile oksidi. Lakini plastiki hiyo ikiganda haraka mno, huziba midomo ya vitundu na ndani hubaki wazi. Basi faida kubwa imo katika kujua joto, muda na kiasi, nasi ujuzi huo hatujaanza hata kuuandika.

Shauri langu ni dogo. Tuchukue maziwa ya Gishwati na siki, tutengeneze ile plastiki ya maziwa iliyokuwa ikifanywa vifungo vya nguo zamani. Haipitishi umeme, lakini haidhuru mtu. Kundi moja lipashe maziwa mpaka nyuzi 40, jingine 60, jingine 80. Siki iwe sawa kwa wote. Juma la pili joto liwe moja na siki ibadilishwe. Vipande vikaushwe siku zilezile, kisha vivunjwe mbele ya darasa zima, na kila mmoja aandike alichofanya yeye, hata kama kundi lake limepata makombo.

Maziwa na siki tutachangishana wenyewe. Kipimajoto kizima tunacho kimoja tu, na kwa hayo nawaelekea wanafunzi wa zamani mlio Kigali, Goma na kwingineko: vitano vyatosha.