Mwalimu Alikuwa Akija Kwetu

Ukisimama Maisaka jua la mchana likiwa kali, ukainua macho kuelekea Mlima Kwaraa, utawaona tai wakizunguka juu bila kupiga bawa. Wamepata mahali hewa yenye joto inapopanda, nayo inawabeba.

Makala hii inatetea hoja moja: binadamu alichelewa kuruka kwa kukosa maarifa, wala si kwa kukosa vifaa. Puto la ndugu Montgolfier lililobeba watu wawili juu ya Paris, Novemba 1783, lilikuwa la kitambaa na karatasi, likipandishwa na joto la moto. Nguo, karatasi na moto vilikuwepo karne nyingi kabla yao.

Kati ya 1891 na 1896, Mjerumani Otto Lilienthal aliruka mara zipatazo 2,000 kwa mabawa ya fito na kitambaa cha pamba, yenye uzito wa kilo 20 hivi. Walimu wake walikuwa korongo weupe, aliowachunguza kwa miaka mingi na kuandika kitabu juu ya kuruka kwao mwaka 1889. Ulaya ikiingia baridi, korongo hao huhama, na wengi hufika Afrika Mashariki. Mwalimu alikuwa akija kwetu kila mwaka.

Agosti 1896 chombo cha Lilienthal kiliinuka pua, kikapoteza nguvu ya kukibeba, kikaanguka kutoka mita 15 hivi. Alifariki kesho yake. Leo tunajua sababu: bawa likiinuka kupita kiasi, hewa hubanduka mgongoni mwake. Tunajua pia kwamba uzito ukisogezwa mbele na mkia ukipangwa vizuri, chombo hujirekebisha chenyewe. Maarifa hayo hayachimbwi mgodini wala hayayeyushwi tanurini.

Hoja hii ina mpaka, na tunaukubali. Ndege ya ndugu Wright ya 1903 ilikuwa ya mbao na kitambaa cha pamba, lakini moyo wake ulikuwa injini, na injini ni mtoto wa kiwanda. Bila kiwanda hatuendi Dar es Salaam kwa ndege. Lakini tunaweza kuelea kama tai.

Vivyo hivyo, wazee wa pwani walivuka bahari kwa mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja. Hawakungoja chuma.

Kwa hiyo tunawaomba walimu wa sayansi wasingoje maabara. Mwanzi upo, pamba ipo, uzi upo. Mwanafunzi atengeneze kielelezo cha chombo cha kuelea angani, chenye urefu wa mkono, akirushe uwanjani, kianguke. Aongeze donge la udongo puani, akirushe tena, aandike alichokiona. Asipande mtu mlimani na mabawa mgongoni; Lilienthal alikwisha kulipa gharama hiyo kwa niaba yetu. Siku kielelezo hicho kitakapovuka uwanja kimenyooka, mtoto wa Maisaka atakuwa ameshika mkononi kile ambacho ulimwengu ulikikosa kwa maelfu ya miaka.