Alama Moja, Kanuni Nyingi

Alama ya kujumlisha hufundishwa mara nyingi kana kwamba ina kanuni moja tu. Maoni yetu ni kwamba ufundishaji huo haumtoshi mtoto. Hapa Bariadi, na mkoani Simiyu kwa jumla, wazazi wengi hulima pamba, na mtoto aweza kuombwa kuhakiki hesabu ya mizani. Ajumlishapo kilo 38 gramu 600 na kilo 24 gramu 700, kila gramu 1,000 hugeuzwa kuwa kilo 1. Ajumlishapo saa 2 dakika 45 na saa 1 dakika 30, kila dakika 60 hugeuzwa kuwa saa 1. Mtoto aandikaye saa 3 dakika 75 anajua kujumlisha namba. Asichokijua ni kanuni ya saa. Mkwaju wa kalamu nyekundu peke yake haumwonyeshi hilo.

Watungaji wa programu za kompyuta wamelazimika kulieleza jambo hili waziwazi. Katika lugha ya C++, iliyoanzwa na Bjarne Stroustrup mwaka 1979 na kupewa jina hilo mwaka 1983, mtungaji aweza kubuni aina mpya ya kitu, tuseme Muda, kisha akaiandikia alama kama ya kujumlisha kanuni yake. Kanuni hiyo yaweza kuwa mwanachama wa aina. Hapo kitu kilicho kushoto mwa alama ndicho kitendacho kazi. Au yaweza kuwa rafiki: husimama nje ya aina, lakini huruhusiwa kuona mambo yake ya ndani. Muda mara 3 hutendwa vema na mwanachama. Lakini 3 mara Muda huhitaji kanuni ya nje, kwa kuwa 3 ni namba tupu, haina habari za Muda. Pamoja na uhuru huo, mtungaji hawezi kubadili mfuatano wa alama: kuzidisha hutangulia kujumlisha, kama tufundishavyo katika MAGAZIJUTO.

Ndugu wanachuo, hatusemi kwamba C++ ifundishwe darasa la tatu. Twasema nidhamu yake yafaa kuigwa. Kabla ya kukokotoa, mwanafunzi aulizwe: tunajumlisha kitu gani na kitu gani? Kipimo kidogo kikifika ngapi hugeuzwa kuwa kikubwa? Ajibuye maswali hayo hatapunjwa mizani kwa urahisi.